Upande Ambao Neno Limelala: Mwongozo Kamili wa Kupanga Maandishi Ndani ya Seli

Mama mmoja, mweka hazina wa kikundi cha akiba, aliingia kibandani kwangu hapa Busia upande wa Uganda, flashi mkononi, jasho usoni. Kikao chao kilikuwa saa nane mchana na saa sita ilikuwa imeshapita. "Mwanangu," akaniambia, "kompyuta inasema kikundi hakina hata senti." Nikafungua faili lake. Majina yako sawa, michango iko sawa, imepangwa katikati ya safu kama shanga kwenye uzi: 50,000/=, 20,000/=, 120,000/=. Chini kabisa, penye jumla, sifuri.

Pesa zilikuwepo, ila kompyuta haikuzitambua kuwa pesa. Alama ya "/=" tunayoizoea kwenye risiti zetu zote huigeuza namba kuwa neno machoni pa Excel, programu ya majedwali na hesabu, na fomula ya SUM, ile ya kujumlisha, huyaruka maneno bila kulalamika. Kosa hilo lingeonekana mapema, kwa sababu Excel hulaza maneno kushoto na namba kulia. Lakini aliyemchapia alisukuma kila kitu katikati ili kipendeze, akafuta dalili ya ugonjwa kabla mganga hajafika.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na vitufe. Unaanza na macho.

Tukubaliane maneno kwanza. Ninaposema safu nina maana ya ile iliyosimama, yenye herufi A, B, C juu yake. Mstari ni ule uliolala, wenye namba pembeni. Seli ni kile kisanduku vinapokutana. Majina ya vitufe nitayaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini, kwa kuwa kompyuta nyingi zinazopita mikononi mwangu zimewekwa kwa Kiingereza.

Kwanza usiguse, tazama

Ukiandika kitu kwenye seli mpya, Excel huamua yenyewe ikilaze wapi. Maneno huenda kushoto. Namba na tarehe huenda kulia. TRUE, FALSE na makosa kama #N/A hukaa katikati. Vyote hukaa chini ya seli, si juu.

Ukiletewa faili ambalo mtu keshalipanga, lirudishe katika hali hiyo kabla ya jambo lingine lolote. Bofya herufi ya safu ili uichague yote, bonyeza Ctrl+1, ingia Alignment, na kwenye kisanduku cha Horizontal chagua General. Kisha ipanue safu mpaka uone waziwazi nani yuko kushoto na nani yuko kulia. Sasa soma kutoka juu hadi chini kama unavyokagua mstari wa wanafunzi asubuhi.

Kiasi cha pesa kilicholala kushoto si namba. Kama tatizo ni "/=", chagua safu hiyo peke yake, bonyeza Ctrl+H, andika /= kwenye Find what, acha Replace with ikiwa tupu, bofya Replace All. Utaona namba zinaruka kulia zote kwa pamoja. Zikigoma, huenda seli zimewekwa kuwa Text. Zigeuze kuwa General halafu rudia kuandika. Na ukitaka "/=" ionekane kwenye karatasi, usiichape kwa mkono. Rudi Ctrl+1, ingia Number, kisha Custom, na kwenye kisanduku cha Type andika:

#,##0"/="

Hapo seli itabeba 50000 halisi, itaonyesha 50,000/=, na SUM itafanya kazi. Mama yule jumla yake ilitokea kabla sijamaliza kumweleza.

Tahadhari moja: upande haukamati kila kosa. Mtu akiandika 50.000 kwa nukta badala ya mkato, Excel ataipokea kama hamsini, ataiweka kulia kwa heshima zote, na mwanachama atakuwa amepoteza 49,950. Kwa hiyo ukimaliza kuangalia upande, tazama pia kama kuna namba fupi kupita kiasi.

Namba ya simu ina kisa cha kinyume: ikilala kulia, ujue imeharibika. Excel imeichukua kama namba ya hesabu na kuila sifuri ya mbele, kwa hiyo 0772 na wenzake wanabaki 772. Ukianza na +256, alama ya kujumlisha hutoweka, na tarakimu 12 zinazobaki huonyeshwa kama 2.56772E+11, kitu ambacho hakuna mtu atakayekipigia. Dawa ni kuichagua safu na kuiweka Text *kabla* ya kuandika. Kama ni seli moja tu, tanguliza alama ya ' kisha namba. Simu italala kushoto, na hapo ndipo mahali pake, kwani hakuna anayejumlisha namba za simu. Namba ya kitambulisho cha taifa haina shida hii kwa sababu herufi na tarakimu zake 14 zimechanganyika. Hiyo hukaa kushoto yenyewe.

Tarehe ndizo zenye ujanja mkubwa zaidi. Sisi huandika siku, mwezi, mwaka. Kompyuta nyingi hufika zikiwa na mpangilio wa Marekani, mwezi kwanza. Andika 25/03/2024 na Excel, kwa kuwa haijui mwezi wa 25, itaiacha kama neno upande wa kushoto. Andika 05/03/2024 na itaipeleka kulia ikiamini ni tarehe 3 Mei. Safu ya tarehe ikigawanyika hivyo, kuanzia tarehe 13 kwenda mbele zote kushoto na zile za 1 hadi 12 kulia, huna haja ya kuuliza zaidi. Nenda kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya Region, uweke mpangilio wa Uganda au Uingereza. Zile za kushoto unaweza kuzigeuza kwa Data, kisha Text to Columns, hatua ya tatu uchague Date: DMY. Zile zilizokwisha kugeuzwa kimakosa zipitie kwa mkono ukiwa na daftari pembeni. Inachosha, lakini tarehe ya kurejesha mkopo ikisogea miezi miwili utagombana na watu.

Kushoto, kulia, katikati

Ukishaamini kilichomo ndani ya seli, sasa panga. Vitufe viko kwenye Home, kundi la Alignment. Kwa kibodi, bonyeza moja baada ya nyingine bila kushikilia: Alt, H, A, L kwa kushoto, Alt, H, A, C kwa katikati, Alt, H, A, R kwa kulia.

Waliozoea Word wakae chonjo hapa. Kule Ctrl+L, Ctrl+E na Ctrl+R hupanga aya. Ndani ya Excel, Ctrl+L hufungua kisanduku cha kutengeneza jedwali, Ctrl+E hujaribu kukujazia safu kwa kubahatisha, na Ctrl+R hunakili kilichomo kwenye seli ya kushoto na kukibandika juu ya data yako. Nimeona salio la mtu likigeuka kuwa la jirani yake kwa Ctrl+R moja. Likikutokea, Ctrl+Z haraka.

Majina na maelezo weka kushoto. Pesa weka kulia, siku zote, wala usinishawishi vinginevyo. Tazama 900,000 na 1,200,000 zikiwa katikati: ile ndogo huanzia ndani kidogo, ile kubwa hutokeza pande zote, na jicho halijui lipime wapi. Ziweke kulia, mamoja yakae chini ya mamoja, maelfu chini ya maelfu, na kiasi kikubwa kitajitokeza chenyewe kwa kurefuka kuelekea kushoto. Shilingi yetu haitumiki na senti, kwa hiyo ondoa desimali zote. Nusu ya safu ikiwa na .00 na nusu bila, mamoja hayatakutana hata ukiyapanga kulia mara kumi.

Katikati waachie vitu vifupi vyenye urefu mmoja: namba ya mwanachama, jinsia, alama ya tiki, herufi ya stage, yaani kijiwe, ya boda.

Kichwa cha safu kifuate data iliyo chini yake. Wengi huweka vichwa vyote katikati kwa mazoea, halafu "Akiba" inaelea mbali na namba zake. Kama pesa ziko kulia, neno "Akiba" nalo liende kulia.

Namba zikigusa mstari wa mpaka upande wa kulia huonekana kama zinagonga ukuta. Chagua safu, Ctrl+1, Alignment, Horizontal uweke Right (Indent), na Indent uandike 1. Nafasi hiyo ndogo hufanya karatasi isomeke hata na mzee aliyeacha miwani nyumbani.

Nafasi za kubonyeza ni sumu

Hili nalisema kwa uchungu. Mtu akitaka jina liingie ndani kidogo, hubonyeza kitufe kirefu cha nafasi mara tatu nne. Kwenye skrini panapendeza. Lakini "Nabwire" iliyotanguliwa na nafasi si "Nabwire" tena kwa kompyuta. Ukipanga kwa alfabeti, majina yenye nafasi mbele hukimbilia juu kabisa, kabla ya A. VLOOKUP, fomula ya kutafuta, haitampata. Atahesabiwa watu wawili.

Tumia Increase Indent, kile kitufe chenye mistari na mshale wa kulia, au Alt, H, 6. Kurudisha nyuma ni Alt, H, 5. Inafaa sana ukiwa na jina la stage halafu wanachama wake chini: stage inabaki ukutani, wanachama wanaingia hatua moja. Kama faili limeshachafuliwa, weka =TRIM(B2), fomula inayofuta nafasi za ziada, kwenye safu ya pembeni, ivute hadi chini, nakili, na ubandike kama Values juu ya yale ya zamani.

Juu, kati, chini, na maandishi marefu

Neno refu likikosa nafasi humwagikia seli ya jirani ikiwa tupu. Jirani akiwa na kitu, neno hukatwa machoni, ingawa ndani ya seli liko zima. Hapo ndipo watu wanaposema "Excel imekula jina langu." Haijala, bofya mara mbili kwenye mpaka ulio kati ya herufi za safu, nayo itajipanua kulingana na neno refu kuliko yote. Namba na tarehe hazimwagiki. Zikikosa nafasi huonyesha ##### na tiba ni hiyohiyo.

Kwa maelezo marefu, usipanue safu mpaka ukurasa uishe. Bofya Wrap Text, au Alt, H, W, na maandishi yatashuka mistari ndani ya seli ileile. Ukitaka kuamua mwenyewe yakatike wapi, weka kiteuzi mahali hapo na ubonyeze Alt+Enter. Hili limenifaa zaidi tangu wateja waanze kuniletea fomu za Kiswahili. Baraza la Mawaziri lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, na vichwa vyetu ni virefu. "Tarehe ya kurejesha mkopo" haitoshi kwenye safu ya upana wa tarehe. Andika "Tarehe ya", Alt+Enter, "kurejesha", Alt+Enter, "mkopo", na safu inabaki nyembamba.

Baada ya Wrap Text utaona jambo la kukera: seli ya maelezo ina mistari mitatu, lakini jina na kiasi cha mtu huyo vimezama chini ya mstari, usijue maelezo ni ya nani. Chagua jedwali lote na uweke Top Align (Alt, H, A, T), ili kila kitu kianzie juu pamoja. Vichwa peke yake viweke chini, Alt, H, A, B, vikae karibu na data yake. Middle Align, Alt, H, A, M, naitumia pale tu ambapo nimerefusha mistari kwa ajili ya sahihi za mkono, ili jina lielekeane na nafasi ya kalamu.

Kama mstari haurefuki hata baada ya Wrap Text, kuna mtu aliuvuta kwa mkono akaufunga urefu wake. Bofya mara mbili mpaka wa chini wa namba ya mstari. Na ujue ukomo: mstari hauzidi pointi 409. Ukiufikia, unachoandika ni barua, kihamishie kwenye Word.

Kuna Shrink to Fit pia, ndani ya Ctrl+1. Hupunguza herufi mpaka zitoshe. Siipendi. Kila jina hutoka na ukubwa wake, na kwenye kopi ya kopi majina marefu hugeuka vumbi.

Usiunganishe seli

Merge & Center ni kitufe kinachopendwa kuliko vyote na ndicho kinachonipa kazi nyingi kuliko vyote. Mtu anataka kichwa cha orodha kikae juu ya safu saba, anazichagua, anabofya, kinatulia katikati. Mpaka hapo sina ugomvi. Ugomvi huanza anapoendelea kuunganisha ndani ya data yenyewe.

Nilishalifanya mwenyewe. Orodha ya waendesha boda, stage moja ina watu kumi na wawili. Nikaunganisha seli kumi na mbili za safu ya stage ili jina la stage lisimame katikati mara moja tu. Ilitoka maridadi. Wiki iliyofuata mwenyekiti akaitaka orodha ileile kwa kufuata ukubwa wa deni. Nikabofya Sort, Excel ikakataa: seli zilizounganishwa lazima ziwe na ukubwa mmoja. Nikatumia Filter kwa stage moja, akatokea mtu mmoja kati ya kumi na wawili, kwa sababu jina la stage lilikuwa limebaki kwenye seli ya juu pekee, nyingine kumi na moja tupu. Nilikaa mpaka jioni nikitengua.

Jambo la pili ni zito zaidi. Ukiunganisha seli zenye vitu, hubaki cha juu kushoto tu, vingine vyote hufutika. Excel huonya, lakini nani husoma maonyo foleni ikiwa mlangoni? Na hata seli ikiunganishwa salama, urefu wa mstari hautajirekebisha wenyewe ukiweka Wrap Text.

Kwa kichwa cha juu fanya hivi. Andika kichwa kwenye A1. Chagua A1 hadi G1, nyingine zote zikiwa tupu. Ctrl+1, Alignment, na kwenye Horizontal chagua Center Across Selection. Bofya OK. Kichwa kitakaa katikati ya safu saba kana kwamba zimeunganishwa, lakini kila seli imebaki peke yake, na unaweza kuchagua safu ya C bila kuburuta jedwali zima. Kwa mlalo tu. Kwa wima haipo. Kwa jina la stage, liandike kwenye kila mstari. Ndiyo, linajirudia. Ndivyo Sort na Filter zinavyotaka.

Kusimamisha maneno

Daftari la mahudhurio lina tarehe nyingi na alama ndogo chini yake. Chagua vichwa, Home, Orientation, Rotate Text Up, na maneno yatasimama kwa nyuzi 90. Kisha punguza upana wa safu hadi 4 hivi. Kwa Ctrl+1 unaweza kuchagua nyuzi yoyote kati ya -90 na 90. Wengine hupenda 45. Ukiwa na mipaka, mistari nayo huinama, na wenye printa za zamani tunajua inavyotoka.

Karatasi yenyewe

Kabla ya kuprinti, nenda Page Layout. Kwenye Scale to Fit, Width iwe 1 page, ili safu ya sahihi isiende kulala peke yake kwenye ukurasa wa pili. Margins, kisha Custom Margins, weka tiki kwenye Horizontally, na jedwali litakaa katikati ya karatasi ya A4. Print Titles, Rows to repeat at top, chagua mstari wa vichwa ili ujirudie kila ukurasa. Ctrl+P na utazame kwanza. Wino ni ghali kuliko subira.

Kama hutumii Excel

Google Sheets ina Ctrl+Shift+L kwa kushoto, Ctrl+Shift+E kwa katikati, Ctrl+Shift+R kwa kulia. Chini ya Format, Wrapping, kuna njia tatu: Overflow huacha neno limwagike, Wrap hulishusha, Clip hulikata ukingoni. Center Across Selection huko haipo, kwa hiyo kichwa cha juu kabisa unganisha tu, kisha usiguse data.

LibreOffice Calc, ambayo haidai leseni, inatumia Ctrl+L, Ctrl+E na Ctrl+R kama Word. Kushuka mstari ndani ya seli ni Ctrl+Enter, si Alt+Enter. Tabia ya kulaza maneno kushoto na namba kulia ni ileile, kwa hiyo ukaguzi wa mwanzo unaufanya vilevile.

Kwa simu, unaweza kupanga kushoto na kulia bila shida, lakini kurekebisha safu ya watu sitini kwa kidole gumba ni adhabu. Mama mweka hazina sasa huandika michango kwenye simu palepale kikaoni, namba tupu bila "/=", kisha huniletea. Juzi alinionyesha seli moja iliyolala kushoto kabla sijaiona. Mtu alikuwa ameandika herufi O mahali pa sifuri.